Kuacha Sigara Katika Kikundi: Tathmini ya Huduma ya Vikao vya Kila Wiki

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya kuacha sigara kwa vikao vya kikundi, ambapo watu kati ya kumi na ishirini hivi, wote wakiwa bado wanavuta, huanza pamoja, huzima sigara ya mwisho siku moja, kisha huendelea kukutana mara moja kwa wiki hadi mwezi mmoja baada ya siku hiyo. Nimeipitia kama mvutaji tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho, na leo sivuti. Ni huduma bora kuliko nyingine zote nilizowahi kuzitumia kwa ajili hii, lakini ubora wake hautoki pale ambapo waandaaji wake wanapenda kupataja, yaani katika ujuzi wa mtaalamu anayesimama mbele. Unatoka kwa wale waliokaa vitini.

Nianze na udhaifu, kwa kuwa ndio mtu anaokutana nao mlangoni. Sehemu kubwa ya kikao cha kwanza ilitumika kutuonyesha picha za mapafu yaliyoharibika na kutuorodheshea magonjwa, kana kwamba tulikwenda pale kubishana. Watafiti wa Uingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha mwaka 1950 utafiti ulioonyesha uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu, na tangu wakati huo habari hiyo imesambaa hadi kuandikwa kwenye pakiti zenyewe. Hapakuwa na mtu chumbani mle ambaye hakuijua, na baadhi yetu tulikuwa tukiisikia kila asubuhi katika kikohozi chetu. Kilichotufaa siku hiyo kilikuja mwishoni, pale mzee mmoja aliposema kwamba kwa umri wake huenda hakuna tena cha kuokoa. Mwezeshaji akamweleza matokeo ya ufuatiliaji wa madaktari wa Uingereza uliofanywa na Doll huyohuyo na wenzake kwa miaka 50 na kuchapishwa mwaka 2004: aliyeacha akiwa na miaka 30 alijipatia takriban miaka 10 zaidi ya kuishi kuliko aliyeendelea kuvuta, wa miaka 40 takriban 9, wa miaka 50 takriban 6, na wa miaka 60 takriban 3. Mzee yule alirudi wiki iliyofuata. Kama kikao kizima kingejengwa juu ya habari za namna hiyo, naamini tusingewapoteza wale walioondoka siku ya kwanza na wasionekane tena.

Kuanzia kikao cha pili huduma hubadilika sura. Mtindo wake ulikuzwa na Peter Hajek na wenzake katika kliniki ya wavutaji ya Hospitali ya Maudsley, London, na wazo lake kuu ni kwamba mvutaji aliyekwisha kuamua kuacha hahitaji kushawishiwa. Anahitaji kuvushwa salama katika wiki chache za mwanzo ambazo mwili unadai nikotini, kile kilevi cha tumbaku. Madai hayo yana ratiba yake. Hasira za karibu, wasiwasi, usingizi wa mang'amung'amu, kushindwa kutulia na njaa isiyoisha huanza ndani ya siku ya kwanza, huwa vikali zaidi katika wiki ya kwanza, na kwa watu wengi, ukiondoa njaa ambayo huweza kudumu zaidi, hupungua sana ndani ya wiki 3 au 4. Vikao vimepangwa kwenda sambamba na ratiba hiyo, na hapa ndipo busara ya kuacha siku moja inapoonekana: kila aliyekaa kwenye duara lile alikuwa katika hatua ileile ya mateso. Daktari anaweza kukwambia kwamba hasira hizo zitapita, nawe ukamwamini kwa kichwa tu. Lakini ukimsikia jirani yako akieleza kwamba jana alimfokea mtoto wake kwa sababu ya kijiko, nawe jana ulimfokea mwenzako kwa sababu ndogo kama hiyo, unaacha kudhani kwamba umeanza kurukwa na akili. Mwezeshaji wetu, ambaye siku ya kwanza aliongea mno, kuanzia hapo alikuwa hodari kwa kunyamaza. Aliuliza swali moja, akamgeukia aliyekuwa kimya, akasubiri.

Kila kikao kilifunguliwa kwa kupuliza kwenye kifaa kidogo kinachopima katika pumzi kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi wa sigara. Nilikidharau mwanzoni, nikidhani ni cha kutukamata waongo. Kwa kazi hiyo kwa kweli hakifai sana, kwa sababu gesi hiyo hutoka mwilini haraka, na aliyevuta siku nne kabla ya kikao hawezi kutambuliwa nacho. Thamani yake iko kwingine. Mvutaji wa kila siku huzoea kuona namba iliyo juu ya sehemu 10 za gesi hiyo kwa kila sehemu milioni za pumzi, mara nyingi juu sana, na wiki moja baada ya kuacha huiona imeshuka hadi kiwango cha mtu asiyevuta. Katika wiki ambayo kila kitu kingine mwilini kinakwambia kwamba mambo yamekuwa mabaya zaidi, hiyo ni habari njema pekee inayoweza kusomwa kwa tarakimu, na kusomwa mbele ya watu wanaojua imegharimu nini. Kikundi kilishangilia kila namba iliyoshuka. Ningeishauri huduma yoyote isiyo na kifaa hiki ikitafute kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kupangwa wawili wawili. Kila mmoja alipewa mwenzi wa kuwasiliana naye kila siku katika wiki ya kwanza. Mimi nilipangwa na mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amevuta kwa muda mrefu kuliko nilioishi. Alinipigia simu asubuhi, saa ambayo sote wawili tulikuwa tumezoea kuwasha sigara kabla hata ya kunawa uso.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Nimeamka salama, mama, shikamoo. Ila hamu imenishika tangu alfajiri."

"Marahaba. Basi tuongee mpaka ipite."

Tuliongea, na ilipita. Hamu ya sigara huja kwa mawimbi, na wimbi moja kwa kawaida halizidi dakika chache. Aliye peke yake huhisi kwamba halina mwisho, kwa hiyo hulimaliza kwa njia ya pekee anayoijua. Mazungumzo ya dakika kumi kuhusu jambo lolote lile yanatosha kulivuka. Kuna jambo lingine ambalo sikulitarajia: zile asubuhi ambazo mimi nilikuwa na nafuu na yeye ndiye aliyezidiwa zilinisaidia zaidi ya zile alizonisaidia yeye. Mtu aliyetoka kumwambia mwenzake "vumilia kidogo, mama, inapita" hawezi kukata simu na kuwasha kiberiti kirahisi.

Huduma nyingi za aina hii husimama au huanguka pale mwanakikundi anapoteleza. Kanuni tuliyokubaliana ilikuwa kwamba baada ya siku ya kuacha hakuna hata mvuto mmoja, na naiunga mkono bila kusita, kwa sababu mvuto mmoja huamsha deni lote lililokuwa limeanza kulala. Katika wiki ya pili kijana mmoja alisema kwamba alivuta baada ya kugombana na mtu kazini. Chumba kilinyamaza. Kisha mzee yule niliyemtaja akamwambia, "Mdogo wangu, umevuta, na bado umekuja kutuambia. Tuelezee ilikuwaje." Muda uliobaki ulitumika kuichambua saa moja iliyotangulia sigara ile: nani alikuwepo, sigara ilitoka mfukoni mwa nani, kwa nini hakupiga simu kwa mwenzi wake, na angeweza kupita njia gani nyingine kutoka ofisini. Hakuna aliyemkemea na hakuna aliyemwambia kwamba si kitu. Alipanga upya siku yake ya kuacha palepale, na alikuwepo hadi mwisho. Nimewahi kuwa katika vikundi vya simu vya kuacha sigara ambamo aliyeteleza hunyamaza, kisha hutoweka, na hakuna anayeuliza alikokwenda.

Kuhusu dawa, huduma ilifanya vyema ingawa kwa haraka. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa Julai 2024 unapendekeza vareniklini, tiba mbadala za nikotini (kama chingamu na mabandiko yenye nikotini), bupropioni na saitisini, pamoja na ushauri nasaha, na mwezeshaji alisema wazi kwamba kikundi na dawa havishindani. Naomba watu walisikie hili, maana bado kuna wanaoona kutumia dawa ni unyonge. Hata hivyo maelezo ya matumizi tuliyapata zaidi kwa wanakikundi wenyewe. Wengi hutafuna chingamu ya nikotini mfululizo kama chingamu ya kawaida, wakaungua koo, wakapata kwikwi, wakaitupa. Inatakiwa kutafunwa polepole hadi ianze kuwasha mdomoni, kisha iwekwe kati ya shavu na fizi, kwa sababu nikotini yake hupita kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Vilevile, kutumia bandiko la nikotini la ngozi pamoja na chingamu hiyo husaidia watu wengi zaidi kuliko kutumia kimojawapo peke yake. Kwa upande wa kahawa, ambayo haikutajwa hata kidogo, mtu anapaswa kujua kwamba moshi wa sigara huharakisha ini kuvunja kafeini. Akiacha kuvuta na asipunguze vikombe, kafeini hurundikana, na kutetemeka kunakotokea hudhaniwa kuwa ni hamu ya sigara. Suala la uzito nalo lilipitwa juu juu. Aliyeacha huongezeka kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na wale wanaoliogopa hilo walistahili jibu refu kuliko tabasamu.

Upungufu mkubwa wa huduma hii ni kwamba inaisha mapema. Wiki ya nne baada ya kuacha, mwili umetulia kwa kiasi kikubwa, vyeti vinatolewa, watu wanapongezana, na kuanzia hapo kila mmoja yuko peke yake. Lakini hatari inayofuata haitokani tena na mwili, inatokana na watu na mahali. Wengi wanaofika wiki ya nne bila kuvuta huwa wamerejea kabla ya mwaka kwisha, na ndiyo maana watafiti huanza kuhesabu mafanikio kuanzia miezi 6. Kikao kimoja tu kwa mwezi hadi kufikia hapo kingegharimu kidogo na kuokoa kazi yote iliyokwisha kufanywa.

Pamoja na hilo, huduma haigusi nyumba ya mtu. Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa mtandao wa watu 12,067 waliofuatiliwa Framingham, Marekani, kuanzia 1971 hadi 2003, na wakaona kwamba mwenzi wa ndoa akiacha, uwezekano wa mwenzake kuvuta hupungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, kwa asilimia 36. Ndugu wa kuzaliwa, kwa asilimia 25. Watu huacha kwa makundi. Ni kweli kwamba majaribio ya kuwafundisha wenzi jinsi ya kutoa msaada hayajaonyesha faida ya wazi, kwa hiyo sidai darasa la wanandoa. Nadai jambo dogo zaidi: mvutaji anapojiandikisha aulizwe nani mwingine anavuta nyumbani mwake, na huyo naye aalikwe kuanza siku hiyohiyo.

Nikiilinganisha na njia nyingine, kujaribu bila msaada wowote huwaacha watu 3 hadi 5 tu kati ya 100 wakiwa hawavuti baada ya miezi 6 hadi 12, na vikundi huleta takriban mara mbili ya mafanikio ya kujisomea vijitabu. Ujumbe wa simu si wa kubezwa: katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2011, asilimia 10.7 ya waliopokea jumbe za kuwatia moyo walithibitika kutovuta baada ya miezi 6, dhidi ya asilimia 4.9 ya wasiozipokea. Asiyeweza kuhudhuria vikao aanzie huko. Anayeweza asikubali kujinyima kikundi.

Naipendekeza huduma hii kwa moyo wote kwa mtu ambaye ameshaamua na anahitaji kushikwa mkono, hasa yule anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka, kwa kuwa uraibu wake ni mzito. Kabla ya kulipia au kujiandikisha aulize mambo matatu: je, wote huacha siku moja, je, kuna mpango wa wawili wawili, na je, kuna mtu atakayempigia simu baada ya miezi mitatu na baada ya sita. Anayetumia dawa za magonjwa ya akili kama klozapini au olanzapini amjulishe daktari wake kabla ya siku ya kuacha, kwa sababu moshi huharakisha ini kuzivunja dawa hizo kama ilivyo kwa kafeini, na moshi ukiondoka kipimo chake huenda kikahitaji kupunguzwa.