Walizitoa kurasa zetu za Kiswahili Google, kisha wakaniambia hazina maana

Nyota mbili kwa huduma hii ya kuweka tovuti katika lugha nyingi. Ya pili ni ya sehemu yao ya kuhariri tafsiri, ambayo kwa haki ya Mungu ni nzuri.

Ninasimamia tovuti ya nyumba ya wageni ya familia yetu, Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Msimu wa juu tunaishi kwa Waitaliano na Wajerumani. Masika yakiingia wageni wa Ulaya hupungua, na wanaotushika mkono ni watu wa Dar, Arusha na Nairobi. Ndiyo maana kurasa za Kiswahili tuliziandika wenyewe tangu mwanzo, na mtu akitafuta malazi ya Jambiani kwa Kiswahili alikuwa anatukuta juu kabisa.

Mwaka jana tukajiunga na huduma hii ya kulipia kila mwezi ili lugha zote nne zikae mahali pamoja. Haukupita muda mrefu, simu za bara zikakauka. Nikafungua Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti kurasa zake zipi zimo kwenye matokeo: kurasa za Kiswahili zinatoka moja baada ya nyingine. Baadhi zimeandikwa kuwa ni mbadala wa ukurasa mwingine, baadhi kwamba zinaelekeza kwingine. Huko kwingine ni kwenye Kiingereza!

Makosa ni mawili, yote ya mfumo wao. Tagi ya kanonikali (alama ndani ya msimbo inayosema ukurasa upi ndio wa kuorodheshwa) ya kila tafsiri ilielekezwa kwenye ukurasa wa Kiingereza, yaani tovuti yenyewe inaiambia Google iwache huu, ichukue ule. Kila lugha inatakiwa ijitaje yenyewe, halafu hreflang, alama inayoonyesha matoleo ya lugha nyingine, iwataje wenzake, na wenzake nao waitaje. Ukitaja upande mmoja tu, Google inapuuza. Mambo haya yapo kwenye maelekezo ya Google, si siri ya mtu.

La pili ni baya zaidi. Mfumo unamhamisha mgeni kwa kuangalia yuko nchi gani. Roboti ya Google, yaani programu inayopita kusoma kurasa, kwa kawaida inakuja na anwani za Marekani, tena haisemi inataka lugha gani. Kila ikibisha hodi kwenye Kiswahili inasukumwa kwenye Kiingereza. Itaorodhesha vipi ukurasa ambao hairuhusiwi kuuona?

Nikawaandikia kwa adabu, na picha za skrini juu. Aliyenijibu hakugusa hata hoja moja. Akaandika kwamba watu hawatafuti hoteli kwa Kiswahili, na akanishauri niifute lugha hiyo nipunguze gharama.

Nilisoma jibu hilo mara mbili nikitetemeka. Lugha ambayo UNESCO imeitengea siku yake, 7 Julai. Lugha ya wateja wanaotulisha masika nzima! Mimi sikumuuliza nani anatafuta nini. Nilimuuliza kwa nini mfumo ninaoulipia unafunga mlango.

Nikasema pengine ni mfanyakazi mmoja tu, nisiihukumu kampuni nzima. Nikaandika tena, safari hii nikataja kwamba Kiitaliano nacho kimeanza kushuka. Wakalishughulikia upesi: kanonikali za Kiitaliano na Kijerumani zikarekebishwa, kuhamishwa kukaondolewa. Kumbe wanaweza! Kiswahili wakakiacha vilevile, kwa maelezo kwamba si miongoni mwa lugha zao kuu. Bei tunayolipa kwa kila lugha ni ileile.

Kama unahitaji Kiitaliano au Kijerumani tu, huduma itakufaa, sitadanganya. Kama una Kiswahili, kabla hujalipa omba tovuti ya mteja wao mwingine, fungua msimbo wa ukurasa wa Kiswahili, tafuta neno canonical, uone linaelekeza wapi.

Sisi tumehama. Kila lugha sasa ina anwani yake, hakuna anayehamishwa kwa nguvu, mgeni anachagua mwenyewe juu ya ukurasa. Nimeitumia Google upya ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zetu, na kurasa za Kiswahili zinarudi, polepole mno. Ule wa bei za vyumba bado haujaonekana. Masika hii imeshapotea.

Nimedai fedha za miezi iliyobaki, kimya. Nimeandika nyota mbili pale juu. Hapana, naiondoa moja.