Vitabu vya majanga: kama una hela ya kimoja tu, chukua hiki cha joto la Chicago

Kama unapenda kusoma kuhusu hatari na majanga kwenye jamii na mfuko unaruhusu kitabu kimoja tu, nunua Heat Wave cha mwanasosholojia wa Marekani Eric Klinenberg, usizunguke. Naanza na hili kwa sababu ukiwauliza watu wa sosholojia wakupe pa kuanzia, wengi watakutajia Risk Society cha yule Mjerumani Ulrich Beck, kilichotoka kwao mwaka 1986, mwaka uleule wa ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl. Jina kubwa kweli, na sikatai kwamba kilibadilisha mjadala, ila kwa msomaji wa kawaida ni kizito na kinaelea juujuu, unafungua kurasa na kurasa hujakutana na binadamu hata mmoja aliyeumia au aliyepona. Na hoja yake kubwa, kwamba umaskini una ngazi lakini hewa chafu ni demokrasia, yaani hatari za siku hizi kama mionzi na kemikali mwisho wa siku zinamfikia kila mtu hata tajiri, mi kiukweli hainikai. Sasa ukitoka hapo ukaingia kwa Klinenberg ndo utaelewa kwa nini hainikai.

Stori ni hii. Julai 1995 jiji la Chicago lilipigwa na joto la ajabu, Alhamisi ya tarehe 13 ilifika nyuzijoto 41 na unyevunyevu juu yake, kwa hiyo mwilini ilikuwa inasikika kali kuliko hata kipimo kinavyosema. Najua mtu wa Dar au Mombasa atasema aah joto tu jamani, sisi mbona Februari tunaishi nalo. Ila wale walikuwa kwenye majumba ya matofali yanayoshika joto usiku kucha, wazee wamefunga madirisha kwa kuogopa wezi, umeme ukakatika maeneo mengi kwa vile AC zote za mji ziliwashwa kwa pamoja, watoto nao wakafungua mabomba ya zimamoto barabarani wapoe, presha ya maji ikashuka majumbani. Ambulensi zikawa hazitoshi, hospitali nyingi zikawa zinakataa kupokea wagonjwa wapya kwa kujaa. Kati ya tarehe 14 na 20 walikufa watu 739 zaidi ya idadi ambayo ingekufa wiki ya kawaida. Mochwari ya kaunti ikajaa mpaka yakaletwa malori ya friji yakapaki pale nje, ndo miili ikawekwa humo.

Na hapa ndo kitabu kinaanza kukushika. Meya Richard M. Daley akaanza kubishia hesabu za Edmund Donoghue, daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo wa kaunti, kwamba huwezi kuhesabu kila aliyekufa wiki ile kuwa kafa kwa joto. Kamishna wa huduma za jamii wa jiji akasema hadharani kwamba waliokufa ni watu waliojitelekeza wenyewe. Soma hiyo sehemu taratibu, maana mzee wa miaka 70 na kitu, ghorofa ya juu, hana AC, hana mtu wa kumpigia simu, halafu mkuu wa idara inayolipwa kumhudumia anasema alijitelekeza. Niliweka kitabu chini kwa hasira.

Klinenberg anasema madaktari walishapasua miili, moyo ulisimama na figo zilikufa, sawa, yeye anataka kuupasua mji wenyewe. Anachukua mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale ambayo watu wanaiita Little Village. Joto ni lilelile, wazee maskini wanaoishi peke yao wako kwa kiwango kinachokaribiana, lakini North Lawndale vifo vilikuwa kama 40 kwa kila watu 100,000 na Little Village 4. Mara kumi! Unavuka barabara tu.

Kwa nini? North Lawndale ilikuwa na viwanda na makampuni makubwa, Sears na International Harvester na wengine, wakaondoka, ajira zikaondoka nao, wakazi wakahama kwa maelfu, mtaa ukabaki viwanja vitupu na majengo yaliyofungwa mbao, wauza unga kwenye kona, mzee akitoka kununua mkate anakuwa roho juu. Kwa hiyo anajifungia. Joto likija anaendelea kujifungia. Little Village wamejaa Wamexico, barabara ya 26 ina maduka mlango kwa mlango, watu wako nje, makanisa yamejaa, na kitu kilichonigusa zaidi ni kwamba hata wale wazee wa kizungu waliobaki pale baada ya wenzao kuhama, hawana ndugu karibu wala hawazungumzi Kihispania, nao walipona kwa sababu tu ukitoka nje kuna pa kwenda, kuna duka lenye ubaridi, na njiani hakuna cha kuogopa. Mji mzima Walatino walikuwa karibu robo ya wakazi lakini kwenye vifo walikuwa asilimia 2 tu. Sasa mwambie Beck hatari ni demokrasia.

Kuna sehemu moja siwezi kuisahau. Waliokufa bila ndugu wa kuja kuchukua mwili, vitu vyao vilipelekwa kwenye ofisi ya kaunti inayosimamia mali za marehemu wa aina hiyo, na Klinenberg akaenda kukaa humo anafungua maboksi. Saa za mkononi, barua, bili, picha. Barua nyingine hazijajibiwa. Wanawake wazee wanaoishi peke yao ni wengi kuliko wanaume, lakini waliokosa wa kuwazika wengi ni wanaume, maana mama hata akizeeka anakuwa na watu wake, baba akishaachana na kazi na familia anabaki na chumba cha kupanga na redio. Hili hata kwetu liko, angalia wazee wa kiume waliokuja mjini zamani kufanya kazi bandarini au reli, wakakatika na kwao, wamebaki kwenye vyumba vya uani. Nani anawagongea mlango asubuhi?

Kasoro zipo, siwezi kusifia tu. Sura ya vyombo vya habari ni ndefu kupita kiasi, anafuata namna magazeti yalivyoandika na TV zilivyoonesha watoto wanaruka kwenye maji, point umeshaielewa lakini bado anaendelea. Na mwanasosholojia mwenzake Mitchell Duneier alimkosoa kwa jambo la msingi, kwamba analinganisha mitaa lakini hakufuatilia mmoja mmoja waliofia pale walikuwa wanaishije, kwa hiyo kusema mtaa ndo uliowaua ni kuruka hatua. Naona Duneier ana haki kwenye mbinu ya utafiti. Ila tofauti ya mara kumi bado inahitaji kujibiwa, na jibu la Klinenberg ndo bora nililoliona.

Cha pili ni The Challenger Launch Decision cha Diane Vaughan, 1996. Hiki ni kinene na kigumu, nasema ukweli, ila kuna jambo humo ukishalijua hutaangalia tena dunia kama zamani. Challenger ni kile chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichosambaratika angani tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka, wote 7 wakafa akiwemo mwalimu wa shule Christa McAuliffe. Wengi tumekua tukiambiwa mameneja walijua mpira wa kuzibia maungio ya roketi utaharibika kwenye baridi, wakapuuza kwa sababu ya presha ya ratiba. Vaughan naye alianza akiamini hivyohivyo, anatafuta nani kavunja sheria, akazama kwenye nyaraka miaka na miaka, akakuta sheria hazikuvunjwa. Taratibu zote za vikao vya usalama zilifuatwa.

Kilichotokea ni kwamba tangu 1981 ile mipira ilikuwa ikirudi imeunguaungua kidogo. Kwenye mchoro haikutakiwa kuungua hata kidogo. Lakini chombo kilirudi salama, wakakaa wakapiga hesabu wakasema hiki kiasi kinavumilika. Safari nyingine imeungua zaidi, nayo imerudi salama, kiasi kinachovumilika kikapanda. Mpaka usiku wa tarehe 27, mainjinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza zile roketi, Roger Boisjoly na wenzake, wanabishana kwenye simu na NASA kwamba chini ya nyuzijoto 12 msirushe, NASA wanauliza data iko wapi, na data yenyewe haikuwa imenyooka maana mipira iliwahi kuharibika hata siku ya joto. Thiokol wakaomba kukata simu wajadiliane wenyewe, bosi wao mmoja akamwambia mkuu wa uinjinia avue kofia ya uinjinia avae ya umeneja. Asubuhi kikaruka kwenye nyuzijoto kama 2.

Mtu yeyote aliyewahi kupanda bodaboda mshikaki anaelewa hiki kitabu bila kufundishwa. Mara ya kwanza watatu mnaogopa, mmefika, kesho hamwogopi, keshokutwa anayekataa kupanda anaonekana anaringa. Na nilipofika hizo kurasa nilikuwa nawaza MV Nyerere muda wote, kivuko cha Ziwa Victoria cha abiria 101 kilichopinduka siku ya gulio Bugolora, Septemba 20 mwaka 2018, wakafa watu 228 karibu kabisa na gati la Ukara. Watu 228 wanafia kwenye chombo cha 101. Miaka 22 baada ya meli ya MV Bukoba kuzama ziwa lilelile. Mungu yupo na siku ya mtu ikifika imefika, naamini hivyo, lakini haya mahesabu ni yetu sisi, na ninatamani kwa moyo wote mwandishi mmoja wa kwetu akae Ukerewe na Ukara aandike kitabu cha aina ya Klinenberg, nani walipanda siku ile na kwa nini hawakuwa na namna nyingine ya kwenda sokoni na kurudi.

Cha tatu Normal Accidents cha Charles Perrow, 1984. Huyu anaanza vizuri sana: mtu ana intavyuu ya kazi, birika la kahawa limepasuka jikoni, anahangaika na la zamani, anachelewa, anatoka mbio funguo zinabaki ndani, ya akiba kampa rafiki, gari la jirani bovu, mabasi hayatembei, teksi hazipatikani. Halafu anakuuliza chanzo ni nini hasa, uzembe wake, birika, mabasi au nini? Hapo ndo anakupeleka Three Mile Island, kituo cha nyuklia cha Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979 saa kumi alfajiri. Vali imekwama wazi, maji yanatoka, lakini taa ya chumba cha kuongozea mitambo inaonesha kwamba amri ya kuifunga imetumwa, haioneshi kama imefunga kweli. Taa nyingine muhimu imezibwa na kikaratasi cha mafundi kilichoning'inia. Ving'ora zaidi ya mia vinalia kwa pamoja. Vijana wa zamu wakaona vipimo vinasema maji yamezidi, wakapunguza maji, kumbe kinu kinaungua. Baadaye lawama nyingi zikawaangukia wao. Perrow anakataa, anasema mtambo uliosukwa hivyo, kila kitu kimeshikana na kila kitu na hakuna muda wa kuvuta pumzi, lazima siku moja utafanya hivi, hata uweke nani pale. Mimi niliyezoea kusikia kila ajali ya basi inafungwa kwa maneno mawili, uzembe wa dereva, hii ilinifungua macho.

Sura ya meli pia isomeni, anaonesha meli nyingi zilizogongana hazikuwa kwenye njia ya kugongana kabisa, zingepishana salama, ila nahodha kageuza dakika za mwisho kwa kuelewa vibaya anachokiona. Sura za viwanda vya kemikali zimejaa mambo ya mabomba, mi zilinichosha. Na mwisho anasema nyuklia iachwe kabisa, hapo mtabishana naye wenyewe.

Kwenye kununua sasa. Vyote ni Kiingereza, tafsiri ya Kiswahili sijawahi kuiona, na madukani kwetu ni bahati kuvikuta, mara nyingi ni kuagiza au kusoma kwenye simu. Heat Wave tafuta toleo la 2015 lina utangulizi mpya, Perrow tafuta la 1999 kwa sababu ameongeza maelezo yanayozungumzia Chernobyl na ile ajali ya gesi ya sumu ya Bhopal, India, zilizotokea baada ya kitabu kutoka. Kiingereza cha Klinenberg ni chepesi, mwanafunzi wa fomu six anakimudu. Vaughan msomeni kwa kuruka, anza na sura ya ule usiku wa simu ndo urudi nyuma, ukianza ukurasa wa kwanza kwa mpangilio utakiacha njiani, na kukiacha itakuwa hasara. Beck azimeni maktaba ya chuo.