Niliandika nisiguswe, wakanigusa: uzoefu wangu wa yoga ya kutibu kiwewe

Naanza na hukumu kwa sababu nina hasira, na sitaki mtu asome mpaka chini ndipo ajue nasimama wapi: msiende pale. Yoga yenyewe ni habari nyingine, nitaifikia nikitulia, kama nitatulia. Lakini darasa lile linalojitangaza kuwa ni la watu waliopitia kiwewe, lililonijazisha fomu ndefu kuhusu mwili wangu na hofu zangu, halafu fomu yenyewe ikaenda kulala kwenye droo bila mtu kuisoma, hilo msiende.

Fomu iliuliza waziwazi: unaridhia mwalimu akuguse ili kurekebisha mkao wako? Nikaweka alama kwenye "hapana". Chini palikuwa na nafasi ya maelezo, nikaandika: nisiguswe kabisa, hasa kutoka nyuma. Neno "kabisa" nikalipigia mstari. Labda nilitakiwa nichore na picha.

Kilichonipata miaka ya nyuma sitakisimulia hapa. Wenye PTSD wenzangu, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya kiwewe, hamhitaji simulizi. Wasioijua, inatosha mjue kwamba ni kulala na taa ikiwaka, kuchagua kiti ambacho mgongo unaelekea ukutani, kushtuka mlango ukibamizwa mpaka mikono inatetemeka, na mwili unaokumbuka kabla akili haijapata habari. Nilikuwa tayari naonana na mwanasaikolojia, na ni yeye aliyesema kwamba mazungumzo yamenifikisha mbali, ila mwili wangu bado unaishi siku ile ile, kwa hiyo huenda nao ukahitaji kazi yake.

Wala sikwenda kichwakichwa, nilisoma kwanza. Mwaka 2014 daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake kule Massachusetts, Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye PTSD sugu, ile isiyosikia tiba. Kundi moja likapewa yoga ya saa moja kwa wiki kwa wiki 10, jingine likapewa mafunzo ya afya ya wanawake kwa muda huo huo. Mwishoni, kati ya 31 wa upande wa yoga, 16 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa PTSD. Upande wa pili walikuwa 6 kati ya 29. Mtu ambaye hajalala usiku mzima kwa miaka akikutana na hesabu kama hiyo, utamzuia na nini? Najua utafiti ni mdogo. Najua pia kwamba 16 kati ya 31 maana yake 15 walibaki nayo. Nikaenda nikalipia kozi nzima kabla haijaanza, na siku hiyo walikuwa hodari sana wa kusoma maandishi yangu, yale ya kwenye risiti.

Wiki za mwanzo hazikuwa mbaya, nisiseme uongo. Chumba kisafi, mikeka imepangwa, mwalimu ana sauti ya kubembeleza kama mtu anayemnywesha mtoto dawa chungu. Tatizo dogo nililolivumilia ni amri. Fumba macho. Jiachie. Legeza taya. Usifikirie chochote. Mimi nikifumba macho mbele ya watu nisiowajua silegei, ninahesabu nyayo. Lakini nikajiambia ndiyo kuzoea huko.

Halafu likaja zoezi la kupumua haraka haraka, tumbo linapigwa ndani nje, ndani nje, kapalabhati wanaliita. Jamani. Mtu anayepatwa na mashambulizi ya hofu unampa zoezi linalofanana na shambulio lenyewe! Ukipumua haraka hivyo hewa ukaa inashuka mwilini, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinachonyota, moyo unakwenda mbio. Mwili wangu hauwezi kutofautisha hayo na hatari ya kweli, kwa sababu dalili ni zile zile. Nikaacha katikati nikakaa tu. Mwalimu akasema kwa lile sauti lake, akiangalia dari, kwamba "baadhi yetu bado tunaogopa nguvu zetu." Baadhi yetu. Tulikuwa wachache mle ndani na aliyeacha ni mimi peke yangu.

Hilo nalo nikalimeza.

Sasa siku yenyewe. Tulikuwa katika mkao wa mtoto: umepiga magoti, umeinama, paji la uso liko chini, mikono mbele, mgongo wote uko wazi na huoni kitu ila mkeka. Kwa mtu kama mimi kukaa hivyo ni kazi nzito kuliko kusimama kwa kichwa. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeweza. Nilikuwa kweli nimeweza, nasikia kifua kinashuka, nasikia uzito wa mapaja, nikawa najisemea moyoni kumbe inawezekana. Ndipo viganja viwili vikatua kiunoni kwangu kutoka nyuma na kunikandamiza chini.

Sikupiga kelele. Watu hudhani mtu hupiga kelele. Niliganda. Masikio yakaziba, chumba kikaondoka, na kilichofuata ninachokikumbuka ni ukanda wa nje na miguu yangu mitupu juu ya vigae. Jinsi nilivyofika pale sijui.

Aliyenifuata hakuwa mwalimu. Ni dada mmoja wa mkeka wa jirani ambaye hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Alikuja na viatu vyangu. Hakunikumbatia, hakunishika bega, hakuniuliza "una nini". Aliviweka sakafuni mbali kidogo, akavisogeza kwa mguu mpaka viliponifikia, akarudi nyuma hatua moja na kusema, "Mlango wa kutokea uko kulia kwako, haujafungwa." Akabaki amesimama pembeni, nikimwona. Sijui na yeye alipitia nini. Ila alichofanya pale ndicho nilichokuwa nimelipia.

Mwalimu alikuja darasa lilipoisha. Angalieni: lilipoisha, si kabla. Na haya ni maneno yake, nayakumbuka kwa sababu nimeyarudia kichwani mpaka yamepata kutu. "Dada yangu, hapa ni mahali salama. Mwili wako unapinga, ndiyo maana nilikusaidia ushuke."

Nikamwambia niliandika kwenye fomu.

"Fomu zinakaa mapokezi. Mimi nafundisha kwa moyo."

Nikamwambia niliandika *kabisa*.

"Ni mimi tu, mama. Mwanamke mwenzako."

Ninaandika hili na mikono inatetemeka tena, lakini sasa ni kwa hasira, na hasira ni afadhali mara mia. Mwanamke mwenzangu! Mgongo wangu una macho? Ngozi yangu ilitakiwa iulize jinsia ya kiganja kabla ya kuogopa? Na huku kusaidiwa bila kuomba, bila kuulizwa, huku umeinamishwa na huoni anayekushika, ndicho kitu gani kingine kama si kile kile kilichotupeleka huko?

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hii si elimu iliyofichwa. Mtindo ulioasisiwa na mwalimu wa yoga David Emerson pamoja na van der Kolk, ule wa yoga kwa ajili ya waliopata kiwewe, umejengwa juu ya jambo hili hili. Mwalimu hamgusi mtu. Hazunguki nyuma ya watu, anakaa kwenye mkeka wake na kufanya mazoezi mwenyewe akionekana. Hatoi amri, anasema "ukipenda" na "unaweza pia kubaki ulivyo", na ukibaki ulivyo hakuna wa kukutazama. Macho unayaacha wazi kama unataka. Lengo si mkao mzuri, ni mtu ambaye siku moja alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake arudi kuuamulia: ninyanyue mkono au nisinyanyue. Ukimkandamiza kiuno ili paja lishuke sentimita mbili, umeharibu kitu pekee ulichokuwa unakitibu.

Baadaye nikapata akili ya kutazama cheti kilichotundikwa mapokezi. Saa 200 za mafunzo. Hicho ni cheti cha kawaida cha mwalimu wa yoga, si aibu, wapo wenye nacho ambao ni walimu wazuri sana. Lakini mtaalamu wa tiba ya yoga anayetambuliwa na chama cha kimataifa cha wataalamu hao, IAYT, anasoma mafunzo ya tiba yasiyopungua saa 800 juu ya ualimu wake. Mtu wa saa 200 akifungua darasa la kunyoosha viungo, mkaribisheni. Akiandika "tiba ya kiwewe" mlangoni, muulizeni hizo nyingine ziko wapi.

Niliwaandikia malalamiko. Wakajibu baada ya muda kwamba wanasikitika *kama* nilijisikia vibaya, na kwa kunifariji wananipa kipindi cha bure, mimi peke yangu chumbani na mwalimu. Mwalimu yupi? Yule yule. Nilicheka peke yangu mpaka nikaogopa.

Basi, nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakuna sifuri.

Ila sasa nikiwa mkweli napata taabu, kwa sababu kuna kitu nilichokipata pale na ninakitumia mpaka leo. Kuvuta pumzi kwa hesabu fupi na kuitoa kwa hesabu ndefu. Pumzi inapotoka polepole, neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye moyo, inaupunguzia moyo mwendo. Hiyo ni fiziolojia tu, haihitaji imani wala uvumba. Usiku jinamizi likiniamsha sipigani tena nalo kwa kuwasha simu. Ninakaa kitandani, nyayo sakafuni, nazikandamiza mpaka nisikie misuli ya mashavu ya miguu ikikaza, natoa pumzi ndefu. Haiondoi kitu. Inafupisha. Zamani nilikuwa macho mpaka alfajiri, sasa mara nyingi narudi kulala. Na aliyenifundisha ni yule yule mwenye viganja. Inaniudhi kuliko yote! Ningependa awe hakunipa chochote ili nimchukie vizuri.

Pia nilikuja kujaribu kwa mtu mwingine, kwa kusukumwa na mwanasaikolojia wangu, maana mimi nilishaapa. Huyu aliisoma fomu mbele yangu, akaniuliza mkeka niuweke wapi, akaniambia mlango hautafungwa kwa ufunguo na hatanyanyuka kwenye mkeka wake bila kusema. Akasema pia kwamba hatutafanya mkao wa maiti, ule wa kulala chali mwishoni, mpaka nitakapoutaka, na nisipoutaka kamwe ni sawa. Kipindi chenyewe kilinichosha kwa kukosa mambo. Tumekaa vitini, tunanyanyua mikono, tunashusha, ukipenda hivi, ukipenda vile. Nikatoka nikidhani nimepoteza muda. Nikiwa njiani nikagundua sikuwa nimehesabu nyayo za mtu hata mara moja.

Kwa hiyo siwezi kuwaambia msiende yoga. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa wanawake 131 waliowahi kutumikia jeshi la Marekani na kupata PTSD kutokana na ukatili wa kingono humo jeshini. Mtindo ule wa Emerson ukalinganishwa na tiba ya mazungumzo inayoheshimika, na nafuu ikatoka inalingana, ila waliomaliza yoga walikuwa wengi kuliko waliomaliza mazungumzo. Hilo la kumaliza silishangai hata kidogo. Kuna siku kusema ni kugumu kuliko kunyanyua mkono. Lakini pia msije mkaacha tiba yenu kwa sababu mtu mwenye sauti laini kawaambia mwili una hekima yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kwa watu wazima wenye PTSD unataja tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe pamoja na EMDR, ile ya kusogeza macho huku ukikumbuka kilichokupata, na mimi mwenyewe bila mwanasaikolojia wangu nisingerudi kwenye mkeka wowote. Yoga kwangu inakaa pembeni ya tiba hiyo. Siku nyingine pembeni sana.

Mkitaka kujaribu, pigeni simu kabla ya kulipa na muulize swali moja tu: mnagusa watu? Akijibu "hapana", endeleeni kuongea. Akijibu "kwa upole tu" au "ikibidi", kateni simu.

Nimesoma nilichoandika na naona nimelegea, nimeanza kuwasifia pumzi yao. Nyota mbili basi, kwa ajili ya ile pumzi. Hapana. Pumzi ni yangu. Nabaki na moja, na hiyo moja asichukue mwalimu wala mapokezi, ni ya yule dada aliyenisogezea viatu.