Kamusi ya Kiingereza na Kiurdu kwenye simu: miezi minane, na neno "leave" peke yake

Mimi ni karani kwenye ghala la vipuri vya magari huku Sharjah, Falme za Kiarabu. Chumbani tuko wanne, mimi mtu wa Tanga na Wapakistani watatu, na lugha ya chumba ni Kiurdu, changu kikiwa ndicho kibovu kuliko vyote. Wao wanasumbuliwa na Kiingereza cha ofisini, mimi nasumbuliwa na wao. Ndipo tukapakua kamusi moja ya bure, ya Kiingereza kwenda Kiurdu. Jina lake silitaji kwa sababu mengine nitakayoyasema si mazuri.

Mema yake hayachukui muda. Inafanya kazi bila intaneti, haikwami, na Kiurdu chake kimeandikwa kwa nastaliki halisi, mwandiko ule unaoteremka kutoka kulia kama ngazi. Herufi za Kiarabu nilizisoma madrasa, ila ٹ na ڑ, zenye kijiherufi kingine kimezikalia kichwani, maalimu wetu hakutufundisha. Na hakuna maandishi ya Kilatini pembeni, kwa hiyo mwanafunzi kama mimi unabaki kukisia irabu.

Sasa "leave". Bhai mmoja (tunaitana bhai, yaani kaka, ndivyo ilivyo huku) alitaka likizo aende kwao kwenye harusi ya dada yake. Kwa Kiurdu angesema "mujhe chhutti chahiye", nahitaji likizo, yakaisha. Lakini msimamizi wetu ni Mfilipino, anataka ujumbe wa Kiingereza. Bhai akafungua kamusi, akaandika "leave", ikamletea maana tisa kwenye mstari mmoja: chhorna, chhutti, rukhsat, ijazat na nyingine. Chhutti akaiona, akaridhika. Chini palikuwa na mfano, "I want to leave". Akaunakili, akaongeza tarehe, akatuma. Nusu saa haijapita akaitwa ofisi ya utumishi aeleze kwa nini anaacha kazi.

Kosa lote ni hako ka "to". Bila hako, "leave" hapo ni nomino, likizo. Ukikaweka, imekuwa kitenzi: kuondoka, kuacha. Kamusi ina haki ya kutaja maana zote, lakini huwezi kummwagia mtu sinia zima bila kumwambia hii nomino, hii kitenzi, hii tumia kazini, hii tumia ukiachana na mkeo. Tena Kiurdu chenyewe kina mtego huohuo. Chhorna, kuacha, na chhutti ni ukoo mmoja na chhutna, kuachiliwa. Watoto wakitoka shule mchana ni chhutti, mgonjwa akiruhusiwa hospitali ni chhutti, na hata kutimuliwa kazi wanakutania kwa neno hilohilo. Yaani bhai hakukosea mbali sana.

Nikajaribu wingi. Wahindi na Wapakistani wengi wakiongea Kiingereza husema "leaves" kwa siku za likizo. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inampa mfanyakazi siku 30 kwa mwaka akishatimiza mwaka kazini, kwa hiyo "thirty leaves" ni maneno ya kila siku kantini. Kamusi ikaniambia patte. Majani. Majani thelathini, labda ya chai. Nikaandika "left", ikaleta bayan, kushoto, ikanyamaza. Kwamba "left" ni "leave" iliyokwisha pita, au ni kile kilichosalia, ambacho Kiurdu ni baqi na sisi twasema baki, haikujua.

Kilichonizuia nisiifute ni neno la tatu kwenye ule mstari. Rukhsat. Nililitazama mara mbili nikaitambua ruhusa yetu. Zote mbili ni rukhsa ya Kiarabu. Kwetu mtu anaomba ruhusa kazini aende msibani. Kwao rukhsat ni likizo, ni kuagana pia, na bibi harusi anapotolewa kwao kupelekwa kwa mume, hiyo ni rukhsati. Kumbe bhai alikuwa anaomba ruhusa aende kwenye rukhsati, na angeniuliza mimi badala ya simu tungeelewana dakika ileile. Asili ya neno haikunipa programu hii. Niliitafuta kwenye kamusi ya John T. Platts ya 1884, Kiurdu kwenda Kiingereza, inayosomeka bure mtandaoni, ambayo huweka A kwenye neno la Kiarabu na P kwenye la Kiajemi. Ya kale, haina sauti, na inaishinda hii mpya.

Ila kitufe cha sauti nakipa haki yake. Sisi "leave" na "live" twayatamka mamoja, na sikio letu halina habari. Wenzangu wanaisikia tofauti hapohapo, maana kwao din ni siku na diin ni dini. Ukivuta, umehama neno. Usiku hunifanyisha mazoezi kwa kitufe kile, wananicheka, nacheka nami.

Nyota mbili na nusu. Duka la programu halina nusu, nimeweka tatu kwa ajili ya sauti, na ningeongeza kama tangazo lisingeruka usoni kila baada ya maneno matano. Ukiipakua, usinakili mfano kabla hujajua ni mfano wa maana ipi kati ya zile tisa.

Ujumbe wa pili wa bhai niliuandika mimi. Akapewa siku 21, akaenda, akarudi na boksi la laddu, vile vitamu vyao vya mviringo. Kamusi bado anayo. Jana nilimkuta anaitafutia "overtime", nikavuta kiti nikakaa karibu.