BNP au NT-proBNP kwa damu inayotoka Makete?
Zote ni protini ndogo zinazopimwa kwenye damu kutambua moyo kushindwa kazi; hutoka kwenye moyo uliolemewa, ila safarini hazifanani. BNP hutaka chupa ya plastiki yenye EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), ile ya kofia ya zambarau; ikikaa nje ya friji zaidi ya saa 4, kipimo hushuka kwa uongo. Kwa mvua za huku, saa hizo huishia barabarani kabla ya Mbeya. NT-proBNP huvumilia hadi siku 3, na seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda) inatosha. Kwa damu ya kusafirishwa, chagua hii.

Dalili zikianza ghafla, BNP chini ya 100 pg/mL au NT-proBNP chini ya 300 huelekeza kwingine, si kwenye moyo kushindwa kazi: nimonia kwa mfano. Figo mbovu hupandisha zote, unene huzishusha. Sakubitrili, dawa ya moyo kushindwa kazi, hupandisha BNP pekee.

Pima mgonjwa akilazwa, rudia kabla hajaruhusiwa, kwa kipimo kilekile: isiposhuka kwa 30%, hatari ya kurudi wodini au kufa ni kubwa.