Miaka minne na programu moja ya kripto: vitufe vilivyonilindia mtaji

Nina kibanda cha kutengeneza simu Mwembe Tayari, Mombasa, na tangu Novemba 2021 ninanunua na kuuza kripto, yaani sarafu za kidijitali, kwa programu ya soko moja kubwa la nje. Jina lake silitaji, kwa sababu nitayasema na mabaya yake, na kwa sababu vitufe nitakavyovieleza utavikuta karibu katika masoko yote makubwa. Programu hizi zina pande mbili. Upande mmoja unakuharakisha: chati zinazowaka, orodha ya sarafu zilizopanda leo, taarifa zinazolia usiku. Upande wa pili unakuzuia, na huo umefichwa ndani kabisa ya mipangilio. Mtaji wangu uko hai kwa sababu ya huo upande wa pili.

Nianze na P2P, yaani kuuziana mtu na mtu, maana ndiyo mlango wetu wa kuingilia. Unanunua USDT, sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola, kwa Mkenya mwenzako, unamlipa kwa M-Pesa, na soko linazishikilia zile USDT zake kama amana mpaka athibitishe kwamba amepokea. Hiyo amana ndiyo uti wa mgongo wa huduma nzima. Muuzaji hawezi kula pesa yako akatoweka, kwa kuwa sarafu hazimo tena mkononi mwake. Bei huwa juu kidogo ya benki. Dola ikiwa shilingi 129, mimi hununua USDT kwa 131 hivi, na nikiuza hupata pungufu. Tofauti hiyo naihesabu kama nauli, na anayekwenda na kurudi kila siku mtaji unamwishia njiani. Kwa hiyo mimi huingiza shilingi mara moja kwa mwezi, na huzitoa mara chache kuliko hapo.

Hatari kubwa iko upande wa kuuza. Mwaka 2023 niliuza USDT 150. Mnunuzi akabonyeza kwamba amelipa, na papo hapo simu yangu ikalia. Ujumbe ulikuwa umekamilika: namba ya muamala, neno Confirmed, jina lake, kiasi, tarehe na saa. Mezani nilikuwa nimefungua simu ya mteja, skrubu nimezitandaza juu ya kitambaa, na kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kuachia sarafu. Kilichonisimamisha ni salio. Ujumbe ulisema salio langu jipya ni 41,000 na ushei, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimelipia spea, sikubakiwa na hata mia tano. Kiasi alichotakiwa kunitumia hakikufika hata 25,000. Nikatazama juu ya ujumbe: umetoka kwenye namba ya kawaida, haukuandikwa MPESA. Nikapiga *334#, nikaangalia salio langu, hakuna kilichoingia. Huku kwenye gumzo ananiandikia, "Boss achilia, nina mgonjwa hospitali."

Nikafungua malalamiko, nikaambatisha taarifa yangu ya M-Pesa, na baada ya muda wa kama saa nne soko likanirudishia USDT zangu. Amana ilifanya kazi yake. Lakini saa nne ni nyingi kwa jambo linaloonekana kwa macho, na wakati wote huo yule mtu aliendelea kunitisha kwenye gumzo bila kuzuiwa.

Tangu siku ile siachii sarafu kwa kusoma ujumbe. Naangalia salio mwenyewe kila mara, hata kama ni mteja niliyeuziana naye mara kumi. Pia jina lililotuma pesa lazima lilingane na jina la kwenye soko. Akilipa kwa simu ya "ndugu yangu", namrudishia na mauzo nayafuta. Huenda huyo ndugu ni mtu aliyetapeliwa mahali pengine, na mwenye laini akituma ujumbe wa muamala kwa namba 456 ya Safaricom kuomba pesa irudishwe, unaweza kubaki sarafu umeshaziachia na pesa imezuiwa.

Sasa niingie kwenye biashara yenyewe, na hapa nitasema zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Nilianza kwa kuumia. Siku nilizoingia, bitkoini, sarafu ya kripto iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa kwenye kilele chake cha wakati ule, karibu dola 69,000. Nilisikia kwamba ukifungua sehemu ya mkopo, soko hukukopesha ufanye biashara ya mara kumi ya pesa uliyonayo, nikaifungua. Usiku wa Ijumaa ya tarehe 3 Desemba 2021 nililala na shilingi 18,000 ndani, mkopo mara kumi, nikiamini bei itapanda. Asubuhi ya Jumamosi bei ilikuwa imeporomoka mpaka karibu 42,000. Nilipoifungua programu, nafasi yangu, yaani ile biashara niliyoiacha wazi, ilikuwa imeshafungwa na kilichobaki ni sifuri. Kodi ya kibanda ya mwezi ule niliilipa kwa kuuza simu yangu mwenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi, na ndiyo maana inaniuma kwamba hakuna aliyenieleza. Ukizidisha mara kumi, bei ikishuka asilimia 10 dhamana yako yote, yaani pesa uliyoweka mwenyewe, imekwisha, na soko hukufunga kabla hata ya kufika hapo ili lisipate hasara lenyewe. Bitkoini kushuka asilimia 10 kwa siku moja ni jambo lililotokea mara nyingi. Juu ya hayo kuna malipo yanayokatwa au kuongezwa, kwa kawaida kila baada ya saa nane, kutegemea uko upande gani wa soko. Mtu anayenunua sarafu kwa pesa yake taslimu, bei ikianguka, bado ana sarafu zake. Mwenye mkopo hana kitu cha kusubiri.

Sehemu ile sijaigusa tena. Nikaanza kutumia oda ya kukata hasara, yaani agizo la soko kuuza lenyewe bei ikishuka mpaka pale nilipoandika, na nikanunua daftari la kurasa mia. Mtaji wangu wa biashara niliuweka shilingi 60,000, na nikajiwekea kwamba biashara moja isinile zaidi ya asilimia 1, yaani shilingi 600. Kwa hiyo kabla ya kununua najiuliza nitakubali kushindwa kwenye bei gani. Kama ni asilimia 5 chini ya bei ya kununulia, basi naweza kununua kwa 12,000 tu, maana asilimia 5 ya 12,000 ni 600. Kama nataka nafasi pana ya asilimia 10, nanunua kwa 6,000. Ada ya soko langu ni asilimia 0.1 kununua na 0.1 kuuza, kwa hiyo ongeza shilingi 24 hivi kwenye ile ya 12,000. Hata nikikosea mara kumi mfululizo, nimepoteza kama 6,000, na kazi naiendeleza. Aliyepoteza nusu ya mtaji anahitaji kupata asilimia 100 ili arudi alipokuwa, na ni shida kufanya biashara kwa utulivu ukiwa na deni la namna hiyo kichwani.

Oda naiweka dakika ileile ninayonunua, kabla sijaweka simu chini. Nikisema nitaiweka baadaye, bei ikishuka moyo huanza kutafuta sababu.

Wiki iliyonifunza thamani yake ni ile ya mwanzo wa Agosti 2024. Nilinunua kwa 12,000 bitkoini ikiwa karibu dola 64,500, nikaweka oda ya kukata hasara kwenye 61,300. Kufikia Jumamosi ilikuwa imeshauzwa, nikaandika kwenye daftari hasara ya 600 na ushei, na kusema kweli nilikasirika. Jumatatu, tarehe 5, masoko yalianguka kuanzia Japani, ambako benki kuu ilikuwa imepandisha riba siku chache nyuma. Nikkei, kipimo cha soko la hisa la Japani, ilishuka zaidi ya asilimia 12 kwa siku moja, na bitkoini ikagusa karibu 49,000. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imepanda tena juu ya 60,000. Kuna aliyeniambia, "Umeona? Ungetulia tu." Ni kweli, ningetulia ningerudishiwa karibu yote. Lakini Jumatatu asubuhi mimi nilikuwa nabadilisha kioo cha simu ya mteja, mikono haitetemeki, na wakati ule hakuna aliyejua itasimama wapi. Hizo shilingi 600 nilizilipia utulivu ule, na ningezilipa tena.

Lawama yangu kwa programu iko hapa hapa. Oda ya kukata hasara ya aina niliyoanza nayo ina bei mbili: bei ya kuiamsha na bei ya kuuzia. Ukiziandika sawa, na soko likaruka kwa ghafla kuipita bei yako, oda inaamka lakini haiuzi, inabaki inaning'inia huku bei inazidi kushuka. Mwaka 2022 nilifanya kosa hilo kwenye sarafu moja ndogo, nikadhani niko salama, na jioni nikakuta nimeshuka asilimia 30 na oda bado imekaa palepale. Siku hizi bei ya kuuzia naiweka chini kidogo ya ile ya kuamsha, au natumia ile inayouza kwa bei yoyote iliyopo sokoni. Maelezo ya haya yote yako kwa Kiingereza tu, tena katika ukurasa wa msaada ambao mpaka uutafute. Kitu kinacholinda pesa ya watu kingestahili kuelezwa palepale kwenye kitufe.

Usalama wa akaunti nausifu. Kuna mpangilio unaoruhusu sarafu zitoke kwenda kwenye anwani ulizozisajili tu, na ukiongeza anwani mpya unasubiri saa 24. Ukibadilisha neno la siri, utoaji unafungwa kwa muda. Kuna pia neno unalolichagua mwenyewe, ambalo soko huliandika katika kila barua pepe yake, ili barua isiyo nalo uijue ni ya matapeli. Namba za kuingilia nazipata kwenye programu ya kutengeneza namba, sitegemei ujumbe wa simu, kwa sababu katika kazi yangu nimeshaona laini za watu zikihamishwa na wezi bila wao kujua.

Na kwa kuwa ni fundi, niseme jambo moja ninaloliona mezani. Mwaka jana mama mmoja aliniletea simu iliyopasuka kioo. Nilipoiwasha kujaribu kioo kipya na kamera, picha ya kwanza kwenye hifadhi ilikuwa karatasi yenye maneno 24 yaliyopangwa kwa namba. Nikaifunika simu kwa kiganja.

"Mama, hii picha ndiyo ufunguo wa pochi yako ya kripto. Ukiniachia mimi, umeniachia pesa zote."

"Si niliambiwa niyahifadhi, mwanangu?"

"Yahifadhi kwa kalamu, mama. Uyaweke unapoweka hati ya nyumba."

Nilimwonyesha jinsi ya kuifuta picha, hata kwenye pipa la taka la simu na kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha nikamwomba akifika nyumbani atengeneze pochi mpya yenye maneno mapya na kuhamishia sarafu huko, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshayaona. Programu iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kukukinga na picha iliyomo kwenye simu unayompa fundi.

Kwenye soko naacha mtaji wa biashara peke yake. Akiba ya muda mrefu iko kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia funguo, nyumbani. Wateja wa soko la kripto la FTX waliamka Novemba 2022 wakakuta hawawezi kutoa pesa zao, kampuni ikaomba kufilisiwa tarehe 11, na mwanzilishi wake akahukumiwa miaka 25 jela Machi 2024. Lilikuwa miongoni mwa masoko makubwa zaidi duniani.

Kuhusu sheria, Kenya imesogea. Ile kodi ya asilimia 3 kwenye miamala ya kripto iliyoanza Septemba 2023 iliondolewa mwaka 2025, na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma. Oktoba 2025 sheria ya kuwapa leseni watoa huduma hao ilitiwa saini, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mimi naliona ni jambo jema. Nikidhulumiwa leo, wa kulalamikia ni dirisha la gumzo la kampuni iliyo mbali.

Septemba 2025 mpwa wangu, aliye chuoni, alikuja kibandani na karo ya muhula.

"Mjomba, ni wiki moja tu. Rafiki yangu ameshapata mara mbili kwa mkopo wa mara ishirini."

Sikumgombeza. Nilimfungulia daftari ukurasa wa kwanza, ile 18,000 ya Desemba 2021, na nikamwambia karo ina mwenyewe, ambaye ni chuo. Tukaenda pamoja akailipa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Oktoba, baada ya tangazo la ushuru mpya wa Marekani dhidi ya China, nafasi za mkopo za zaidi ya dola bilioni 19 zilifungwa duniani katika muda wa siku moja. Za rafiki yake zilikuwemo.

Baadaye mpwa alifungua akaunti kwa shilingi 3,000 alizozipata kwa kuuza chaja na vifuniko vya simu pale kwangu. Anaruhusiwa kupoteza shilingi 30 kwa biashara moja, na zinaandikwa. Jumamosi huniletea daftari lake, tunaanza na hasara, kisha ndiyo tunatazama faida. Wiki iliyopita alikuwa na 2,940.