Nesi wa kuja nyumbani kusafisha kidonda cha operesheni, Moshi: nampa nyota nne

Wadada kama watatu wameniuliza inboksi kuhusu huyu nesi kwaiyo naandika mara moja niishie hapo. Nlijifungua kwa operesheni mwezi wa pili, na wanaoijua Moshi wanajua joto la mwezi wa pili, alafu mi tumbo langu lina mkunjo, kidonda kiko chini ya mkunjo kinashinda na jasho siku nzima. Hospitali nlikojifungulia siitaji, waliniruhusu siku ya tatu na maelezo yalikua neno moja tu, "usikiloweshe", basi. Bandeji nibadilishe lini, nikiona nini nirudi, hakuna aliyesema. Ndo jirani yangu hapa Majengo akanipa namba ya nesi anayezunguka nyumba kwa nyumba.

Bei ni elfu kumi na tano kila akija, nauli ya boda juu yako, gozi na plasta unanunua mwenyewe duka la dawa. Kwangu kaja mara sita, piga hesabu.

Siku ya kwanza nlijua atafika amwage spiriti, afunge, aondoke. Wapi! Kwanza aliomba maji ya kunawa, nikamwonesha beseni akakataa, akataka mtu ammiminie kwa jagi, akanawa na sabuni mpaka kwenye viwiko. Mama mkwe akampa kanga ajifute akaikataa pia, akasimama katikati ya sebule mikono juu inakauka yenyewe kama mtu anaomba dua, mama mkwe kanuna balaa. Pakiti ya gozi akaifungua kwa kushika ncha tu. Na spiriti hakuigusa kabisa jamani, alisafisha na yale maji ya dripu ya chumvi, anasema kidonda kinachofunga vizuri ukikimwagia spiriti kila siku unaunguza tu nyama changa.

Alafu maswali sasa. Una kisukari? Chupa ilipasuka saa ngapi? Nikamwambia ilipasuka usiku, kisu kesho yake mchana, akaguna, kumbe chupa ikishapasuka ukakaa na uchungu muda mrefu wadudu wanapata njia ya kupanda juu. Ulinyoa? Nlinyoa ndio, kwa wembe, nyumbani, jana yake, si unajua aibu ya kulala mbele ya madaktari. Hapo nlipewa za uso. Wembe unachana ngozi vijeraha usivyoviona na humo ndo bakteria wanapata makazi, kama nywele zinasumbua hospitali wanazipunguza kwa mashine, kama hazisumbui zinaachwa zilivyo. Na ile sindano nlochomwa kabla sijapasuliwa nikadhani ya usingizi, kumbe ni antibayotiki, inatakiwa itangulie kisu, ndani ya saa moja hivi kabla, ili ngozi ikifunguliwa dawa iwe tayari kwenye damu, ndo hata Shirika la Afya Duniani wanavyoelekeza. Miaka yote hiyo mi nlijua antibayotiki ni mpaka uugue kwanza.

Ila kilichonifurahisha kuliko vyote ni alivyomuweza mama mkwe. Bibi wa watu katoka Kibosho na taulo lake, maji yako jikoni yanachemka, anataka kunikanda tumbo. Nesi kaamkia vizuri, "Shikamoo mama", "Marahaba mwanangu", akasema mama mgongo na miguu mkande, hapa tumboni mtusamehe kwanza mpaka kifunge. Mama mkwe, "Sisi wote tulikandwa na tuko wazima." Nesi, "Mlikua mmepasuliwa mama?" Kimya. Mtori, ile supu ya ndizi, nesi aliupitisha, na yeye mwenyewe akala bakuli zima.

Shoga yangu naye alikua ameniletea vidonge vya rangi mbili nivifungue nimwagie ule unga juu ya kidonda, hiyo mitaani kwetu ni tiba kabisa. Nesi alivikusanya akavitia kwenye pochi yake. Unga unaganda juu unaona kidonda kimekauka, kumbe chini usaha unajijaza taratibu. Na mkanda wa tumbo akasema nisishinde nao kwenye joto hili, nivue nilale chali, mkunjo niunyanyue upate hewa, niweke kitambaa cha pamba kisafi na kikavu, kikilowa jasho natoa.

Siku ya sita kona ya kushoto ikawa nyekundu. Mi nlijua ni plasta. Yeye akapitisha mgongo wa mkono pale, akasema pana moto kuliko pengine, akatoa peni ya wino akachora mstari kuzunguka ule wekundu, akaandika na saa pembeni, kwenye tumbo langu mimi! Akasema wekundu ukivuka huu mstari, au ukaona usaha, harufu, homa, usinisubiri mimi, nenda hospitali.

Usiku nikaanza kutetemeka, kipimo kinasoma 38.4. Nampigia, haipokelewi. Napiga tena, imezimwa. Alfajiri mume wangu kamulika na tochi ya simu, wekundu umevuka mstari upana wa vidole viwili, tukachukua bajaji mpaka hospitali nyingine. Wakafungua nyuzi mbili pale kona, usaha ukatoka, wakachukua kipimo, wakanianzishia antibayotiki. Daktari akauliza nani kachora hapa. Nikamwambia. Akasema huyo nesi kamsaidia, maana wagonjwa wengi wanakuja hawajui kimeanza lini.

Kwaiyo nyota moja nimeitoa kwa sababu ya simu, mtu anayeuza huduma ya vidonda hawezi kuzima simu usiku, au basi aseme mapema nijue. Na siku ya nne kachelewa masaa matatu, eti boda imepata pancha. Risiti pia hatoi. Ila nikizaa tena kwa kisu namuita huyohuyo. Ukimchukua mwambie aje asubuhi kabla jua halijawa kali, na jagi liwe karibu.